Kwa sahibu yangu, kuhusu ile sindano

Sahibu yangu mpenzi,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimefunga mlango. Umejaza kurasa tatu za habari za kazi na watoto, kisha pale chini kabisa, kwa mwandiko mdogo, ukaniuliza kama najua lolote kuhusu uume unaopinda mtu akiwa mtu mzima, na kuhusu sindano ya kuutibu. Najua. Ile miezi niliyokuwa sipokei simu zako, ukalalamika kwamba nimekutupa, nilikuwa kwenye matibabu ya jambo hilohilo. Nisamehe. Sikupata mdomo wa kulisema.

Kwanza nikutoe hofu. Hii si saratani, wala si ugonjwa wa zinaa, na shemeji hawezi kuambukizwa. Unaitwa ugonjwa wa Peyronie, kwa jina la François Gigot de la Peyronie, daktari mpasuaji wa mfalme Louis wa 15 wa Ufaransa, aliyeueleza mwaka 1743. Daktari aliponitajia mwaka huo nilishusha pumzi. Nilikuwa nimejiona mtu wa peke yangu duniani, kumbe wanaume wanaupeleka kwa madaktari tangu enzi za wafalme.

Ndani ya uume kuna mirija miwili inayojaa damu, nayo imevikwa ala imara inayonyumbuka. Ala hiyo ikiumia, mara nyingi kwa kupindishwa vibaya wakati wa tendo la ndoa, baadhi yetu hupona tukabaki na kovu gumu. Wengi hata hawakumbuki waliumia lini. Mimi sikumbuki. Kovu halivutiki, kwa hiyo uume ukisimama upande mmoja unarefuka na upande wa kovu unagoma, ndipo unapopinda. Langu lilikuwa juu, karibu na katikati, ukiligusa ni kama punje ya mahindi iliyofukiwa chini ya ngozi.

Unasema uume wako bado unauma na kila mwezi unaona umezidi kupinda. Basi wakati wa sindano niliyochomwa mimi bado haujafika. Daktari wangu alinisubirisha mpaka maumivu yalipokwisha na pembe ikatulia bila kubadilika kwa miezi kadhaa. Kungoja kule kuliniuma kuliko sindano zote zilizofuata. Lakini usikae nyumbani ukingoja peke yako. Nenda sasa, daktari aone mwanzo wake, akupe dawa ya maumivu. Na usipoteze fedha kwa vidonge vya vitamini E. Nilivimeza kwa miezi, havikunifaa kitu, na miongozo ya madaktari wa njia ya mkojo Marekani inawaambia wasivitoe kwa ugonjwa huu.

Siku ya kupimwa nilichomwa dawa ya kusimamisha uume palepale kliniki, daktari akaweka kipimapembe kando yake kama mwalimu wa hesabu: nyuzi 58. Akapitisha na ultrasaundi kuona kama kovu limegeuka chokaa, maana likishakuwa hivyo dawa haiingii vizuri. Nilitazama dari muda wote. Yeye aliongea nami kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayepima goti, na hilo lilinisaidia kuliko nilivyotarajia.

Dawa yenyewe ni kimeng'enya kiitwacho kolajenesi, kinachovunja kolajeni, ule uzi uliolisuka kovu. Nchini Marekani iliidhinishwa kwa ugonjwa huu Desemba 2013, kwa mwenye kovu linaloshikika na pembe ya nyuzi 30 au zaidi. Haipatikani kila nchi. Pengine daktari wako atakutajia dawa nyingine, verapamili au intaferoni, nazo huchomwa ndani ya kovu. Muulize kwa nini amechagua hiyo na si nyingine, usione haya.

Sindano sasa, maana ndiyo uliyouliza. Kwanza alichora duara kwa kalamu juu ya ngozi, pale uume unapopindia zaidi. Alingoja ulale kabisa, ndipo akaingiza sindano nyembamba kwa ubavuni mpaka ndani ya kovu. Nilihisi mchomo, kisha mgandamizo mzito, kama mtu anayelazimisha maji kupenya kwenye udongo mkavu. Kovu ni gumu kweli, niliuona mkono wake ukikaza. Dakika chache, bandeji, nikavaa nguo. Siku mbili baadaye sindano ya pili. Siku iliyofuata nikarudi, akanitia ganzi, akaushika uume ukiwa umelegea na kuunyoosha taratibu kinyume na upande unaopindia, sekunde 30, akapumzika, akarudia mara tatu. Hiyo ni awamu moja. Kila baada ya wiki 6 hivi tukaanza nyingine, mpaka awamu 4, sindano 8.

Usiku wa sindano ya kwanza jiandae kwa utakachokiona. Damu ilivilia, uume mzima ukawa na rangi ya zambarau mpaka kwenye korodani, ukavimba. Hakuna aliyekuwa amenieleza kwa uzito unaostahili, nikakesha nikidhani nimeharibika. Ule weusi uliisha ndani ya wiki mbili. Ila kuna jambo usilichukulie kwa wepesi hata kidogo: ukisikia mlio wa kitu kukatika, uume ukalegea ghafla, au mkojo ukatoka kwa shida au una damu, usingoje kupambazuke. Dawa inalegeza ala yenyewe pia, na inaweza kupasuka. Ndiyo maana nilikatazwa tendo la ndoa wiki 4 baada ya sindano ya pili ya kila awamu, na hata kujikaza kwa nguvu wakati wa haja kubwa. Kama unameza dawa za kufanya damu iwe nyepesi, mwambie daktari kabla hajafungua kichupa.

Kazi kubwa iko nyumbani. Mara tatu kwa siku nilikuwa nauvuta polepole ukiwa umelegea, na ukisimama wenyewe, kwa kawaida alfajiri, naunyoosha bila nguvu mara moja kwa siku. Wiki 6 kila awamu. Siku nyingine nilichoka, nikakaa ukingoni mwa kitanda nikitamani kuacha. Mke wangu ndiye aliyekuwa akiniuliza, "Leo umefanya?" Naye nilikuwa nimemficha karibu mwaka mzima! Alikuwa amejua kuna kitu, akadhani simtaki tena. Sahibu, mwambie shemeji. Mwambie wiki hii, kabla hajaanza kujitafutia maelezo yake.

Matokeo nitakupa kama yalivyo. Kutoka nyuzi 58 nimefika 37. Haujanyooka kama zamani, na ufupi kidogo umebaki, lakini tunaweza kuwa pamoja bila maumivu wala hofu. Ndivyo majaribio makubwa ya dawa hiyo yalivyoonyesha: kwa wastani pembe ilipungua asilimia 34, na kwa waliochomwa sindano isiyo na dawa ilipungua asilimia 18. Daktari alinipa namba hizo kabla sijasaini ridhaa, ndiyo sababu leo sijioni nimedanganywa. Anayekuahidi utanyooka kabisa, mkimbie.

Kabla ya kwenda, piga picha mbili tatu za uume ukiwa umesimama, moja kwa juu na nyingine kwa ubavuni, zitamsaidia daktari. Ukitaka nikusindikize, niambie siku tu. Nitakaa nawe kwenye benchi mpaka waite jina lako.

Nduguyo wa siku zote