Jina la shule sio langu

Mhariri, naomba kanafasi kidogo. Mimi darasa la saba nilifeli, nikarudia 1993 kwa jina la mtoto aliyeacha shule, enzi zile ilikuwa kawaida kabisa, mwalimu mwenyewe ndo anakutafutia jina, unaambiwa kuanzia leo wewe ni fulani na ukiitwa itika. Wiki ya kwanza nikawa nachelewa kuitika mpaka nikala viboko.

Leo nina miaka 46. Kazini naitwa hilohilo, wife kanijua kwa hilo, wanangu ndo ubini wao. Kijijini mama bado ananiita lile la kwanza, na akilitaja mbele ya wakwe moyo unalipuka paa!

Ile 2017 walipokutwa watumishi 9,932 wenye vyeti feki sikulala, japo mi siko serikalini. Cheti changu sio feki jamani, mtihani nilifanya mwenyewe, jina tu.

Washkaji wananiambia si ukaape mahakamani urudishe lako yaishe. Sawa, ila nikifuta 1993 nabaki na nini, maana bila lile jina nisingefika sekondari kule Tabora wala nisingekutana na mama watoto. Na yule mwenye jina nasikia yupo, anauza mkaa, siku nikikutana naye namwitaje?

Hebu tafuteni mwanasheria aliandikie hili gazetini, tupo wengi tumekausha tu.

Jina kapuni (yote mawili),
Morogoro