Kijiko cha chai kipi?

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita mjukuu wangu wa miezi kumi alikesha mwili unachemka. Asubuhi binti yangu akambeba mgongoni hadi duka la dawa la mtaani, akarudi na chupa ya parasetamoli ya maji iliyoandikwa kwa kalamu ubavuni: 1x3. "Kijiko kimoja cha chai, kutwa mara tatu," ndivyo alivyoambiwa. Uzito wa mtoto hakuulizwa.

Kijiko kipi? Kabatini kwetu kuna vitatu, na vyote tunaviita vya chai. Nilichukua bomba la sindano, bila sindano yake, nikavipima kwa maji. Kimoja kilijaa kwa mililita 3, cha pili 5, na kile cha kukorogea uji, ambacho ndicho binti yangu alikuwa amekishika tayari, kikameza 8.

Kisha nikavaa miwani nisome chupa. Parasetamoli ya mtoto hupimwa kwa kilo zake: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, halafu unasubiri saa 4 hadi 6, na usizidishe mara 4 kwa siku nzima. Kadi ya kliniki inasema mjukuu wangu ana kilo 9, kwa hiyo mwisho wake ni miligramu 135 kwa mara moja. Ingekuwa ile dawa ya miligramu 120 kwa kila mililita 5, kijiko halali kingemtosha. Tuliyouziwa ilikuwa ya 250. Kwa kijiko cha uji angekunywa miligramu 400, tena mara tatu! Siku chache za namna hiyo zinatosha kuumiza ini la mtoto, na dalili za mwanzo ni kutapika na kulegea, ambazo mama yeyote atasema ni homa ileile.

Zile chupa ndogo za matone ndizo zinazotudanganya zaidi. Kwa kuwa ni za vichanga, tunadhani ni dawa nyepesi, kumbe nyingine zina miligramu 100 katika kila mililita moja. Na dawa nyingi za mafua nazo zina parasetamoli ndani. Mama anampa mtoto ya homa, baada ya nusu saa anampa ya mafua, hajui kwamba amerudia dawa ileile.

Aspirini sitaki hata kuijadili: mtoto hapewi bila daktari kusema. Diklofenaki ya baba ya mgongo, ile inayokatwa nusu, nayo ibaki kuwa ya baba.

Sina ugomvi na parasetamoli. Ikipimwa vizuri humpa mtoto nafuu akanyonya na kulala. Ila haitibu malaria. Hushusha joto, mtoto akacheza kidogo, nasi tukaahirisha kwenda kupima hadi kesho. Mjukuu wangu alipotobolewa kidole zahanati siku hiyohiyo, malaria haikuonekana, yalikuwa masikio. Na kichanga ambaye hajafikisha miezi mitatu, akipata homa asisubirishwe nyumbani kwa dawa ya duka.

Ombi langu kwa wenye maduka ya dawa ni dogo. Mama akija kununua, mwambieni atoe kadi ya kliniki. Andikeni kwenye boksi mililita ngapi na baada ya saa ngapi, hiyo 1x3 iacheni. Na kila chupa itoke na kikombe chake cha kupimia au bomba la mililita 5, hata kama mtatuongezea bei yake. Tutalipa. Mimi nililinunua langu kwa bei isiyofika ya soda.

Bibi wa mjukuu mmoja,
Morogoro