Mama ananificha akianguka, na mimi sasa nawaficha ndugu zangu

Shangazi shikamoo, na wasomaji wengine habari zenu. Naomba mnivumilie nitaandika ndefu maana hili jambo nimelibeba peke yangu miezi 2 sasa, na nikilieleza kwa kifupi najua mtaniambia tu "waambie ndugu zako yaishe" na kumbe ndo penyewe panaponishinda.

Mi ni binti wa mwisho kwetu, na ndo naishi na mama. Mama ana miaka 76, akili iko fresh kabisa, anakumbuka mpaka nani alimkopa hela mwaka gani na hakurudisha, ila mwili ndo umeanza kumkatalia. Ana presha, moyo nao unapiga bila mpangilio kwa hiyo anakunywa dawa ya kuzuia damu isigande, kuna na ile ya kumkojoza, ukihesabu zote alikuwa anameza vidonge aina 6 kwa siku. Shikeni hapo kwenye vidonge nitaparudia.

Mara ya kwanza alianguka bafuni, mchana. Aliteleza akadaka kile chuma cha kuanikia taulo, kikang'oka na skrubu zake wakaenda wote chini. Akavunjika mkono karibu na kiganja, nyonga ikapona kwa bahati tu. Hiyo kila mtu aliijua. Kaka mkubwa akaitisha kikao cha simu, dada naye akaingia, na siku chache baadae nyumba ikageuzwa yote. Vizulia vidogo vyote vikatolewa (nilivinunua mwenyewe nikiona napendezesha nyumba, kumbe naweka mitego), waya wa feni uliokuwa unakatiza sebuleni ukapitishwa ukutani, fundi akaja akatoboa ukuta akafunga vyuma vya kushikilia pembeni ya choo na pale anapoogea, vile vya kubeba uzito wa mtu sio vya taulo tena. Ndala zake zilizolika soli nikazitupa nikamnunulia viatu vinavyobana kisigino. Ngazi 3 za mlango wa nyuma nikazipaka rangi ya njano kwenye kingo, maana miwani yake ile ya kukatwa mara 2, kioo cha chini ni cha kusomea, akiinamisha macho aone pa kukanyaga anaona ukungu. Hayo yote sina ugomvi nayo, tulifanya vizuri na hela ya kaka ndo ilifanya.

Ugomvi ni agizo lake. Kaka alisema kuanzia leo mama asisimame bila mtu. Akitaka maji aletewe, akitaka kutoka nje ashikwe, tukaajiri na dada wa kumwangalia mchana ambaye anampigia kaka ripoti kila jioni. Akamnunulia na kengele ya mezani. Nia yake nzuri sikatai, alituma kwenye grupu la familia kwamba Shirika la Afya Duniani linasema watu kama 684,000 wanakufa kila mwaka kwa kuanguka na wazee ndo wanaongoza, na mi mwenyewe niliposoma nikaogopa nikasema acha tumkalishe. Basi mama akakaa. Akakaa asubuhi, akakaa mchana, akakaa jioni, mwanamke aliyekuwa anazunguka nyumba nzima akigombana na vumbi. Baada ya miezi 4 ya kukaa miguu imekuwa kama sio yake. Siku tumeenda kliniki nesi akamwambia ainuke kwenye kiti, atembee mita 3, ageuke arudi akae, yeye anahesabu kwa saa. Akatuambia mtu akifika sekunde 12 au zaidi tayari yuko kwenye hatari ya kuanguka. Mama alitumia 21. Tena njiani alishika meza.

Sasa ndo nije kwenye siri yenyewe.

Siku moja namsaidia kuvaa nikaona ubavuni pameiva, rangi ya zambarau kubwa kama sahani. Namuuliza mama hii nini, ananiambia nilijigonga kabati. Kabati gani la kukugonga mbavuni jamani. Nikaachia. Wiki 3 baadae nimeamka saa 10 alfajiri kwenda kunywa maji nikamkuta korido, amelala sakafuni, amejifunika taulo. Nilipiga kelele akaniambia "punguza sauti majirani wamelala." Alikuwa ameanguka akienda chooni, akijaribu kuinuka miguu inakataa, simu iko kwenye chaji mezani, kengele ya kaka iko kitandani. Namuuliza tangu saa ngapi, anasema saa 8 hivi. Masaa 2 kwenye sakafu ya baridi! Kwa nini hukuniita? "Nilikusikia unakoroma, nikajua umechoka."

Pale pale chini, kabla hata sijamwinua, akanishika mkono akaniambia niapie huwaambii wenzako. Akakiri na ya ubavuni, kwamba na ile ilikuwa usiku vile vile. Akasema kaka yako akijua hii atanitoa kwenye nyumba yangu na atanivalisha pampasi, na siku nikivalishwa pampasi na mimi choo nakijua njia yake, hiyo siku mhesabu nimeshakufa. Nikaapa. Ningefanyaje na mama yuko sakafuni?

Asubuhi nikamdanganya dada wa kazi kwamba tunaenda kupima presha tu. Daktari akamlaza dakika 5 akapima, 146 juu. Akamsimamisha, baada ya dakika 1 akapima, baada ya dakika 3 akapima tena, imeshuka mpaka 118. Akasema ile namba ya juu ikishuka 20 au zaidi mtu akisimama, hilo ni tatizo lenye jina lake na dawa zake, damu inabaki miguuni ubongo unakosa kwa muda kidogo, ndo ule ukungu na kizunguzungu akitoka kitandani. Alafu akauliza dawa ya kukojoza anakunywa saa ngapi.

Shangazi nilitamani sakafu inimeze. Alikuwa anakunywa saa 2 usiku. Na aliyehamisha ni mimi. Zamani alikuwa anakunywa asubuhi, mi nikasema hapana, asubuhi natoka mbio kazini siwezi kujua kama kameza, bora usiku nikiwa nipo nimwone kwa macho yangu. Kwa hiyo nilikuwa nampa dawa ya kukojoa halafu namwambia alale, na juu yake kuna kidonge cha usingizi alichoanzishiwa alipovunjika mkono. Mtu anaamka usiku mara 3 au 4, amelewa usingizi, presha inashuka, anatembea gizani kwa sababu hataki kuwasha taa aniamshe. Sisi tumepoteza mwezi mzima kuhangaika na vizulia.

Daktari alirudisha ya kukojoza asubuhi, akapunguza moja ya presha, cha usingizi akasema kitolewe kidogo kidogo sio ghafla. Akanionya nisije nikajifanya daktari tena nikahamisha au kukatisha dawa yoyote bila kuuliza, nikasema nimekoma. Mama akafundishwa kabla hajasimama akae ukingoni mwa kitanda, achezeshe vifundo vya miguu, ahesabu taratibu ndo anyanyuke. Nimeweka na taa ndogo inayojiwasha yenyewe akishusha miguu. Sa hivi anaamka mara 1 tu usiku, na hajaanguka tangu siku ile, ambayo najua mimi. Hiyo "ambayo najua mimi" ndo inaninyima usingizi.

Maana daktari alisema jambo lingine. Kwa vile mama yuko kwenye dawa ya kuzuia damu kuganda, akigonga kichwa hata kidogo, hata akiamka anacheka, apelekwe hospitali hapo hapo, kwamba damu inaweza kuvuja ndani polepole ukaja kuona baada ya siku au hata wiki, anaanza kuchanganya maneno au kulala sana mnadhani ni uzee. Sasa fikirieni. Mama anaficha. Dada wa kazi hajui. Kaka na dada hawajui. Anayejua ni mimi ambaye saa 1 asubuhi sipo nyumbani. Ikitokea mchana akajigonga akasema kabati, nani atajua?

Na upande wa pili, kuna kitu tunakifanya mimi na mama ambacho kaka akikijua tutaongea lugha nyingine. Daktari alitupeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mama ana programu yake. Anasimama na kukaa kwenye kiti bila kushika, anainua visigino akiwa ameshika sinki, anasimama mguu mmoja mbele ya mwingine kama anatembea kwenye kamba. Tunafanya saa 12 asubuhi kabla dada wa kazi hajaja, kama wezi. Na alifundishwa kuinuka akianguka: kwanza atulie ajisikilize kama kuna pa kuuma sana, alale ubavu, ajigeuze kwenye mikono na magoti, atambae mpaka kwenye kiti kigumu, ashike kikalio cha kiti, atangulize mguu wenye nguvu, ajisukume, ageuke akae. Kwa hiyo ndio, namlaza mama yangu mwenye miaka 76 chini kwenye godoro kwa makusudi halafu namwangalia anatambaa. Mara ya kwanza alicheka mpaka akaishiwa nguvu. Jumapili iliyopita aliinuka mwenyewe bila mkono wangu, akaniangalia kama mtoto aliyefaulu mtihani. Ile kutembea mita 3 tumepima wenyewe, imefika sekunde 15. Bado, lakini 21 haipo tena.

Fimbo ndo kakataa katakata, anasema fimbo ni ya wazee. Anashika shika ukuta na viti, na mtaalamu alisema huko kushika shika fanicha ni hatari kuliko kuwa na fimbo iliyokatwa kwa kimo chake. Waliofanikiwa kumshawishi mzazi mbishi nisaidieni mlisema nini, maana nimebembeleza mpaka nimechoka.

Haraka yangu ni kwamba kaka anakuja Jumamosi ya wiki ijayo. Ameshasema anataka kumchukua mama akakae kwake, chumba cha chini hakina ngazi, na kweli kwa usiku ametaja pampasi, mama hakukosea. Nikisema ukweli wote, kwamba ameanguka mara 3 na sio 1, nampa kaka sababu mkononi na mama hataniambia kitu chochote tena maisha yake yote, atakuwa anaficha na mimi. Namjua. Nikinyamaza mama abaki, halafu siku moja agonge kichwa na mimi sipo, hao ndugu nitawaangalia na macho gani?

Nimewaza nimwambie dada peke yake kwanza, yeye ana moyo wa kusikiliza. Nimewaza nimwambie dada wa kazi habari ya kichwa tu bila historia, lakini jioni ile ile ripoti itakuwa imefika. Nimewaza pia nimpeleke kaka kwa yule daktari aambiwe na mtu wa koti jeupe kwamba kumkalisha ndo kunamdhoofisha, maana mimi wa mwisho kwake bado ni mtoto. Ila daktari atafungua faili na kila kitu kimo mle.

Au nimrudie mama mwenyewe nimwambie nataka kuvunja kiapo, nimpe nafasi aseme yeye kwa mdomo wake mbele ya kaka, kisha ainuke kwenye kiti atembee zile mita 3 amwone? Hili ndo moyo unalipenda ila naogopa siku hiyo miguu itetemeke kwa woga wa kutazamwa, aanguke pale pale mbele ya kaka.

Shangazi, ungekuwa wewe ungeanza na nani? Na nyie mlio na umri wa mama msomao hapa, semeni ukweli, ni maneno gani mtoto wenu akiwaambia mtaacha kuficha?

Nijibuni kabla ya Jumamosi tafadhali.

Binti wa mwisho