Barua kwa mwanangu, kabla hujampeleka mtoto chanjo

Mwanangu, habari za huko Kampala, mtoto ananyonya vizuri? Juzi kwa simu uliangua kicheko alafu ukanyamaza ghafla, ukasema ngoja mama nibadilishe nguo, nikauliza kuna nini ukasema ni maziwa tu. Haya. Mimi pia nilikuwa na majibu kama hayo.

Wewe ulizaliwa 2002, mwaka mmoja tu tangu serikali ifute malipo kwenye hospitali zake, lakini glavu, pamba, wembe na kaveera, ile plastiki ya kulalia, tulinunua wenyewe, baba yako alikimbia na boda mara mbili sababu wembe aliusahau. Nilisukuma usiku kucha, nesi mmoja akaniambia wakati wa kuitafuta hiyo mimba ulikuwa hulii, saa hii unalia nini, wenzake wakacheka. Hiyo nilishasamehe, au sijui.

Ambacho sijawahi kukuambia ni kilichofuata. Nikikohoa mkojo unatoka. Nikibeba gunia la mukene, hawa dagaa, pale soko la Busia nasikia kitu kinashuka huko chini. Nikakupeleka chanjo wiki ya 6, ya 10, ya 14, alafu miezi 9, kila mara wewe unapimwa uzito, kadi inaandikwa, haya mwingine aje. Mara nne mwanangu, na hakuna ata mmoja aliyeuliza na wewe mama uko aje. Na mimi ningesemaje mbele ya foleni nzima, ata pazia hakuna. Msikitini nikaacha kwenda, udhu haukai. Watu wakasema nimelegea dini.

Miaka 11 ikapita ivo, mpaka siku moja naumwa malaria, mkunga mmoja mtu mzima akaniona nakohoa huku nimebana miguu, akainuka akafunga mlango kwanza, ndo akauliza. Kumbe kizazi kimeshuka, na kina tiba yake, kuna mazoezi ya kubana kama unazuia mkojo, kuna pete inawekwa ndani kukishikilia, ikizidi unapasuliwa. Pete ilikuwa hospitali ya rufaa, nauli niliitafuta miezi mitatu.

Wenzetu walienda mahakamani 2011 juu ya akina mama wanaokufa wakijifungua, hukumu ikatoka 2020, majaji wakasema serikali kutotoa huduma za msingi za uzazi ni kuvunja katiba. Nilifurahi, lakini miaka tisa! Mimba gani inangoja miaka tisa? Na sisi tuliopona tukarudi nyumbani tunavuja, sikusikia tukitajwa.

Sasa niambie wiki ya 6 inaangukia siku gani, nipande basi usiku. Mtoto nitamshika mimi kwenye foleni ya mizani, wewe uingie peke yako umwambie daktari afunge mlango. Na usinijibu maziwa.

Mama yako