Namba ya spektrofotometa si idadi ya seli

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wanaozalisha mwani mdogo wa majini, hasa klorela na spirulina, pamoja na walimu wanaowafundisha vijana kuupima. Katika kazi yangu ya maabara nimekutana na ripoti nyingi ambamo namba iliyosomwa kwenye spektrofotometa imeandikwa kana kwamba ndiyo hesabu ya seli, na inanisikitisha kuona kazi ya miezi ikiharibika hivyo.

Kifaa hicho hakihesabu seli. Hupitisha mwanga katika sampuli yenye unene wa sentimita 1, kikaonyesha ni kiasi gani ambacho hakikufika upande wa pili, ama kwa kufyonzwa na klorofili, yaani rangi ya kijani ya mwani, ama kwa kutawanywa na seli zenyewe. Wengi hupima kwa mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 680, ambapo klorofili hufyonza kwa nguvu, wakisahau kwamba seli iliyokaa kwenye mwanga hafifu hujiongezea klorofili. Kwa hiyo chombo kilichowekwa kivulini huweza kuonekana kimejaa zaidi ilhali seli hazikuongezeka. Kwenye nanomita 750 klorofili karibu haifyonzi kitu, na kinachopimwa hasa ni mtawanyiko. Hata hapo, namba ikipita takribani 0.4 haiaminiki tena, na sampuli haina budi kuzimuliwa, ipimwe upya, kisha jibu lizidishwe kwa kiasi cha kuzimua.

Bado namba hiyo inahitaji kulinganishwa na kipimo kingine. Klorela huhesabiwa kwa hadubini kwenye kioo cha Neubauer, yaani kioo cha kuhesabia seli kilichochorwa miraba, chenye kina cha milimita 0.1, na wastani wa seli katika kila milimita ya mraba huzidishwa kwa 10,000 ili kupata idadi kwa mililita. Spirulina, ambayo ndiyo chakula cha heroe wadogo wa Ziwa Nakuru na Ziwa Bogoria, ni nyuzi zilizojisokota zenye seli nyingi, hivyo ni afadhali kuchuja ujazo unaojulikana, kuukausha na kupima uzito. Ulinganisho huo ufanywe kwa kila mashine na kila aina ya mwani, kwa maana mashine mbili hazikusanyi mwanga uliotawanyika kwa namna moja.

Ninawasihi walimu wasipokee ripoti isiyotaja nanomita zilizotumika na kiasi cha kuzimua. Mzalishaji asiye na mashine naye, ili kukadiria wingi wa mwani, atumie kisahani cheupe kwenye fimbo yenye alama za sentimita, akizamishe mpaka kisionekane, na aandike kina hicho kila siku kwa saa ile ile.

Fundi sanifu wa maabara,
Mwanza