Kabla hujamtoa bandani na fimbo, muulize anachezea nini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niongee na wazazi wenzangu wa hapa Kigoma hasa sisi wa Mwanga na Ujiji, maana mabanda ya gemu yamejaa na jioni utakuta mzazi yuko mlangoni na fimbo anamtoa mtoto mbele ya wenzie. Mimi nimefanya hivyo na mpaka leo inaniuma.

Nina wanangu wawili wa kiume, wote gemu wanapenda ila tabia mbingu na ardhi. Mkubwa toka mdogo ni mtu wa kushindana, hata bao asiposhinda hali, huyu bandani ni mpira tu, akifungwa anataka marudiano, akishinda anarudi nyumbani anakula ugali na dagaa wake analala. Mdogo mpole haongei, anajifungia na simu mpaka saa sita usiku na mi nikawa namfukuzia mkubwa kwa sababu ndo anaonekana barabarani, kumbe mwenye shida ni huyu wa ndani. Siku nimemkalisha, bila fimbo, akasema shuleni wanamcheka kigugumizi, kwenye gemu hamna anayemcheka. Nililia jamani.

Kuna Muingereza anaitwa Richard Bartle, mwaka 1996 aliwagawa wachezaji wa gemu za kompyuta mafungu manne, wanaotafuta pointi na kupanda, wanaopenda kuchungulia kila kona ya gemu, wanaofuata watu na stori, na wale raha yao ni kumsumbua mwenzao. Mi naongeza la tano, wanaokimbia kitu, na hilo ndo la kuogopa.

Alafu hii ya kusema kila mtoto "ana uraibu" tuache. Shirika la Afya Duniani limeuweka kwenye orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, lakini hawahesabu masaa, wanaangalia kama mtu kashindwa kujizuia, gemu imepita kila kitu, inamharibia maisha na bado anaendelea, na mara nyingi hali iwe imefika kama miezi 12. Sisi tunamhukumu mtoto jioni moja!

Wa kwangu simu sijamnyang'anya. Jumamosi naenda nae Kibirizi kuchukua dagaa, njiani ananielezea hiyo gemu inavyochezwa, neno likikwama nasimama namsubiri mpaka alimalize.

Mama wa wawili,
Mwanga, Kigoma