Umri wa kampuni si kipimo cha mshahara

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyewashauri vijana wakimbilie kampuni kongwe kwa kuwa "ndizo zinazolipa". Mimi ni karani wa mishahara mstaafu. Nilianzia kampuni ya familia, nikahamia tawi la kampuni ya kigeni, nikamalizia kwenye kampuni changa iliyokuwa bado inadaiwa hata viti tulivyokalia. Kazi hiyo ina faida moja: majina yote na tarakimu zote unaziona kwenye karatasi moja.

Ukipiga wastani, ni kweli kampuni kongwe inalipa zaidi. Lakini wastani huo umebebwa na nani? Orodha yetu ya kampuni ya familia ilipangwa kwa tarehe ya kuajiriwa. Juu walikaa wazee waliokula nyongeza mwaka hadi mwaka, na posho za kila aina, nyingine hakuna aliyekumbuka zilianzaje. Chini kabisa walikuwa vijana wenye vyeti safi, wanalipwa kiasi ambacho nilikuwa naona haya kukiandika. Ukijumlisha na kugawanya, kampuni inaonekana karimu. Kamuulize wa mstari wa mwisho!

Wachumi wawili wa Marekani, Charles Brown na James Medoff, walilichunguza jambo hili na kuchapisha matokeo mwaka 2003. Walikuta kampuni za siku nyingi zinalipa zaidi, ila walipozingatia sifa za wafanyakazi wenyewe, ile tofauti iliisha, na kama ilibaki basi ilielekea kinyume: kampuni kongwe ndizo zilizolipa pungufu kidogo. Kwa maneno mengine, kinacholipwa pale ni uzoefu wa watu, si umri wa kampuni.

Na kama umri ungekuwa ndio siri, kampuni ya Ford isingefanya ilichofanya. Ilianzishwa mwaka 1903, na Januari 1914, ikiwa na miaka kumi na ushei tu, ikatangaza ujira wa dola 5 kwa siku, karibu mara mbili ya uliokuwepo. Si huruma iliyowasukuma. Wafanyakazi walikuwa wakiacha kazi kila kukicha. Tena sehemu kubwa ya fedha hiyo iliitwa mgao wa faida, na kabla ya kuipata, wakaguzi walifika hadi nyumbani kwako kuangalia unaishi vipi. Mwenye mali akiamua kulipa, huamua na masharti.

Ndiyo maana mimi ningemwambia kijana aanze na mwenye kampuni kabla ya kuuliza miaka yake. Mwaka mmoja biashara ilidorora, na mzee wetu mwenye mali akaja mwenyewe mezani kwangu, akavuta kiti, akapitisha kidole kwenye orodha jina baada ya jina. Wengi aliwajua hadi watoto wao. Hakukata hata mmoja. Hakuongeza hata senti pia, wala mwaka uliofuata. Baadaye nilikuja kujua kwamba hali hiyo si yetu peke yetu: David Sraer na David Thesmar, waliochunguza kampuni za soko la hisa la Ufaransa na kuchapisha utafiti wao mwaka 2007, walikuta zile zinazoongozwa na warithi wa familia zinalipa mishahara midogo, lakini hazibadilishi idadi ya wafanyakazi ovyo soko likiyumba.

Kule kwa wageni mshahara ulikuwa juu, sibishi. Lakini siku ya kupunguza watu niliandikiwa barua pepe nifute majina kabla ya saa sita mchana, na aliyeyachagua hakuwahi kumwona hata mmoja wao.

Kampuni changa nayo? Ilimlipa kijana vizuri kuliko ile ya familia, na juu yake ikamwahidi hisa. Shida ni kwamba mwisho wa mwezi mshahara wake ulisubiri mteja alipe kwanza. Nchini Marekani, takribani nusu ya biashara mpya hufa kabla ya kumaliza miaka mitano, na hisa za kampuni iliyokufa hazinunui kitu.

Kijana akiitwa kwenye usaili, na aulize bila woga: aliyeingia hapa miaka mitano iliyopita akiwa na cheti kama changu, leo analipwa ngapi? Na nyongeza anaidhinisha nani? Wakimjibu kwa kumsimulia historia ya kampuni, ajue hajajibiwa.

Nanyi wahariri, mnapoandika habari za kampuni zinazosifika kwa kulipa, tuwekeeni na mshahara wa anayeanza kazi, msituishie kwenye wastani.

Wasalaam,
Karani wa mishahara mstaafu